Kesi ya jinai Marekani: maswali ninayoulizwa koridoni

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili mahakamani, hapa Marekani. Kazi yangu ni kusema kilichosemwa, basi. Kanuni zinanikataza kumshauri mshtakiwa, hata akinivuta pembeni na kuninong'oneza, "Dada yangu, wewe unaonaje?" Jibu langu ni moja tu: muulize wakili wako. Huwa naona uso unavyosinyaa.

Hapa hatupo mahakamani, wala hakuna kesi ya mtu mezani, kwa hiyo nitajibu. Elewa tu kwamba si mwanasheria, na kwamba sheria za jimbo moja si za jingine.

Nimeshtakiwa na nani hasa?

Tazama juu ya hati ya mashtaka. Ukiona jina la jimbo, au neno "watu wa" jimbo fulani, umeshtakiwa na jimbo. Ukiona jina la nchi nzima, umeshtakiwa na serikali ya shirikisho. Wizi, ugomvi, kuendesha gari ukiwa umelewa, hata mauaji, kwa kawaida ni mambo ya jimbo na husikilizwa katika kaunti. Shirikisho hushika zaidi mambo yanayovuka mipaka au kugusa mali na taasisi zake: dawa za kulevya kwa wingi, utapeli wa kibenki, uhamiaji, ugaidi. Lina mahakama 94 za wilaya, mahakama 13 za rufaa, na juu yake Mahakama ya Juu yenye majaji tisa.

Tendo moja linaweza kushtakiwa na pande zote mbili. Derek Chauvin, polisi aliyemuua George Floyd Minneapolis mwaka 2020, alihukumiwa na jimbo la Minnesota miaka 22 na nusu, kisha shirikisho likampa miaka 21, vifungo vinavyokwenda pamoja. Kwa macho ya sheria yao hizo ni serikali mbili, kila moja na kosa lake. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliulizwa tena kama huko si kumshtaki mtu mara mbili. Ikasema sivyo.

Majina ya mahakama nayo yanachanganya. Huko New York, mahakama inayoitwa "ya juu" ndiyo ya kuanzia kwa makosa makubwa. Nimeshuhudia familia ikilia kwa kudhani ndugu yao amefikishwa mbele ya majaji tisa wa Washington.

Mwendesha mashtaka ni polisi?

Hapana. Polisi hukamata na kupeleleza. Mwendesha mashtaka ni mwanasheria anayeamua ushtakiwe kwa kosa gani, au usishtakiwe kabisa. Katika majimbo mengi mkuu wao wa kaunti huchaguliwa kwa kura. Wengi wetu hili hutushangaza: mtu anayetaka kufunga watu anabandika mabango barabarani kuomba kura. Wale wakuu wa shirikisho, 93 kwa idadi, huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti.

Ndugu zangu mliotoka Kongo mmezoea mtu wa parke, ofisi ya mashtaka, aliye hakimu kama mahakimu wengine. Huyu wa Marekani ni upande mmoja wa ugomvi, na wakili wako ni upande wa pili. Jaji hatafuti ukweli mwenyewe kwa kupeleleza. Anasimamia kanuni na kusikiliza wanachomletea. Kitu kimoja hata hivyo mwendesha mashtaka analazimika kukitoa: ushahidi wenye uzito unaomsaidia mshtakiwa. Hiyo ni kesi ya Brady dhidi ya Maryland, ya 1963.

Mke wangu amefuta kesi. Mbona bado naitwa?

Kwa sababu kesi haikuwa yake. Nyumbani tunasema "nimemshtaki fulani", na wazee wakikaa, fidia ikitoka, mambo yanaweza kuishia kituoni. Marekani aliyepigwa ni shahidi tu. Mwendesha mashtaka anaweza kuendelea bila ridhaa yake, kwa rekodi ya simu ya dharura, picha za majeraha na maneno ya polisi waliofika.

Na hapa watu wetu wanajikwaa kila mwaka: jaji akitoa amri usimkaribie mtu, amri hiyo inakufunga wewe, haimfungi yeye. Mkeo akikupigia akisema rudi, watoto wanakulilia, chakula kipo mezani, ukaenda, umevunja amri ya mahakama. Mwenye uwezo wa kuiondoa ni jaji. Shangazi kupiga simu ya upatanisho kwa niaba yako nako kunaweza kuhesabiwa kuwa mawasiliano, kadiri amri ilivyoandikwa.

Polisi walinihoji bila kunisomea haki zangu. Si kesi imekufa hapo?

Filamu zimetuharibu. Onyo lile la kunyamaza na kupata wakili linatokana na kesi ya Ernesto Miranda, iliyoamuliwa 1966. Linahitajika ukiwa mikononi mwa polisi na wanakuhoji. Wasipolitoa, kinachoweza kuondolewa ni maneno yako, si kesi yenyewe. Miranda mwenyewe alishtakiwa upya bila ungamo lake, akatiwa hatiani tena mwaka 1967.

Kuondolewa kwa ushahidi si jambo dogo hata hivyo, na mfano mkubwa unatuhusu sisi. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alishtakiwa New York kwa milipuko ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998, iliyoua watu 224. Kabla ya hapo alikuwa ameshikiliwa kwa siri na shirika la ujasusi la CIA na kuhojiwa kwa mateso. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi mmoja muhimu kutoka Tanzania, kwa kuwa jina lake lilipatikana kwenye mahojiano hayo. Mwezi Novemba 2010 Ghailani alionekana hana hatia katika mashtaka zaidi ya 280, akatiwa hatiani katika moja. Hilo moja lilitosha: Januari 2011 alipewa kifungo cha maisha.

Kunyamaza, kwa njia, kunahitaji kutamkwa. Tangu 2010 Mahakama ya Juu inataka useme waziwazi kwamba unatumia haki yako. Kukaa kimya tu hakusimamishi maswali. Sentensi moja inatosha: sitajibu chochote, nataka wakili.

Halafu kuna lugha. Mtu wetu akiulizwa kwa swali la kukana, "Hukuichukua simu?", hujibu "Ndiyo", maana yake ndiyo, sikuichukua. Kwenye karatasi ya Kiingereza inaweza kusomeka amekiri. Neno "pole" nalo: ukimwambia aliyeumia pole, umemhurumia. Mfasiri asiye makini akiandika kwamba "aliomba radhi", tayari unaonekana mkosaji. Na ile "ndiyo, ndiyo" ya heshima, tunayomwitikia mkubwa hata tusipomwelewa, sijui imewaponza wangapi. Ikiwa hujaelewa, sema hujaelewa. Hakuna atakayekuona huna adabu.

Wakili wa bure ni wakili kweli?

Ndiyo, ana leseni ile ile. Clarence Earl Gideon, maskini wa Florida aliyeshtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool, aliomba wakili akanyimwa, akajitetea, akafungwa. Akiwa gerezani aliiandikia Mahakama ya Juu kwa penseli. Mwaka 1963 majaji wote tisa walikubaliana naye: katika kesi kubwa za jinai, asiye na uwezo lazima apewe wakili. Kesi ikarudiwa, safari hii akiwa na wakili, na akaachiwa huru.

Shida ya mawakili hawa si elimu, ni wingi wa mafaili. Wengi wamezoea chumba cha mahakama kuliko mawakili wa matangazo ya redioni. Wanajua jaji yupi huamka vibaya Jumatatu. Lakini usitegemee atakupigia kila jioni. Mpelekee majina ya mashahidi na namba zao mapema, yameandikwa.

Ukumbuke pia kwamba haki hii ni ya jinai tu. Kwenye mahakama ya uhamiaji unaweza kuwa na wakili, ila serikali haikulipii.

Dhamana inakwendaje?

Ukikamatwa bila hati ya kukamatwa, jaji anatakiwa kwa kawaida ndani ya saa 48 kuangalia kama kulikuwa na sababu ya kukushika. Dhamana hupangwa karibu na hapo. Unaweza kuachiwa kwa ahadi yako, kwa masharti, au kwa fedha. Familia ikikosa fedha humwendea mfanyabiashara wa bondi, anayeweka dhamana kwa niaba yako; mara nyingi huchukua asilimia 10 ya dhamana na hairudi, hata ukishinda kesi. Ni biashara ya ajabu, na nchi nyingi zimeipiga marufuku. Illinois iliondoa kabisa dhamana ya fedha Septemba 2023. Katika mahakama za shirikisho fedha si jambo kubwa. Jaji huangalia kama utatoroka au utahatarisha watu, na akiona hivyo unakaa rumande.

Kwa asiye raia, muulizeni wakili kabla ya kulipa. Maafisa wa uhamiaji wakiwa wameshaomba mtu huyo ashikiliwe, fedha zenu zinaweza kumtoa mlango mmoja na kumwingiza mwingine.

Kwa nini wakili wangu mwenyewe ananiambia nikiri kosa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa uchungu kuliko yote, na kwa kawaida linafuatiwa na, "Amenunuliwa, sivyo?"

Sidhani. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu yenyewe ilitaja takwimu: asilimia 97 ya waliotiwa hatiani katika shirikisho, na asilimia 94 katika majimbo, walikiri. Chumba kile cha filamu, chenye mawakili wanaotembea wakihutubia, wengi wa washtakiwa hawakifikii. Kesi inaamuliwa koridoni, kwenye simu, kwenye baruapepe kati ya mwendesha mashtaka na mtetezi. Kwa wanaotoka nyumbani jambo si geni tena, kwani Kenya iliweka makubaliano ya kukiri kosa katika sheria mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2019. Tofauti ni kwamba Marekani ndiyo njia kuu.

Hesabu yake ni hii. Mwendesha mashtaka anakuwekea makosa matatu, moja likiwa na kifungo cha chini kisichopunguzika. Anakuambia: kubali dogo, nifute mengine. Ukikataa na ukashindwa, unabeba yote. Wakili akikuletea ofa, anatimiza wajibu; sheria inamtaka akufikishie, na kumficha mteja ofa ni kosa la wakili. Kukubali au kukataa ni kwako peke yako. Si kwa wakili, wala kwa mchungaji, wala kwa mjomba aliyekuja na gari.

Ninachokichukia katika mfumo huu ni kwamba mtu asiye na hatia, aliye rumande miezi minne, anaambiwa akikiri leo analala nyumbani leo. Nimeyatafsiri maneno hayo kwa sauti ile ile ya kawaida waliyotumia, maana ndiyo kazi. Kuna hata njia ya kukubali adhabu huku ukisema hukutenda. Mahakama ya Juu iliiruhusu 1970 katika kesi ya Alford, ingawa si kila jimbo linaikubali.

Siku ya kukiri jaji atakuuliza maswali mengi. Unajua unaacha haki ya kusikilizwa kesi? Kuna aliyekutisha? Umeahidiwa kitu kisichoandikwa hapa? Umetumia dawa yoyote leo? Hilo la mwisho huwachekesha wengine wakajibu "ya presha tu", na ndivyo inavyotakiwa, jibu kweli. Baada ya hapo kurudi nyuma ni kugumu sana.

Nina grinikadi. Kukiri kosa dogo kutaniathiri?

Soma hapa polepole. Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, alikuwa mkazi halali kwa zaidi ya miaka 40 na alipigana vita vya Vietnam upande wa Marekani. Alikamatwa Kentucky na bangi ndani ya lori. Wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi, ameishi nchini muda mrefu. Akakiri, na kukiri huko kukamfanya afukuzwe karibu moja kwa moja. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilisema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia athari za uhamiaji.

"Kosa dogo" ni maneno ya jimbo. Uhamiaji una kamusi yake. Wizi au kosa la kutumia nguvu lenye adhabu ya mwaka mmoja au zaidi linaweza kuitwa feloni nzito, yaani kosa kubwa la jinai, kwa sheria ya uhamiaji, hata kama jimbo linaliita dogo, na hata kama kifungo kimesitishwa na hujalala jela usiku mmoja. Ndiyo maana mawakili wanaojua hupigania siku 364 badala ya 365. Siku moja! California na New York zimeshusha ukomo wa makosa madogo hadi siku 364.

Vilevile ukikiri, ukapewa uangalizi badala ya kifungo, na jimbo likafuta kesi baadaye, uhamiaji bado unaweza kukuhesabu umetiwa hatiani. Kwa hiyo neno la kwanza kwa wakili wako liwe: mimi si raia. Hatajua kwa kukutazama.

Wazee wa baraza ni wazee?

Jina tu. Kwa Kiswahili tumewaita baraza la wazee wa mahakama, lakini ni raia wa kawaida, mara nyingi kuanzia miaka 18: dereva wa basi, muuguzi, mwanafunzi. Wazee wa baraza wa Tanzania walimpa jaji maoni yasiyomfunga. Hawa wa Marekani ndio wanaoamua hatia.

Unayo haki ya baraza kosa likiwa na kifungo cha zaidi ya miezi sita. Kwa kawaida wanakaa 12, ingawa Florida hutumia sita katika kesi nyingi. Tangu 2020 uamuzi wa kutia hatiani kwa kosa kubwa lazima uwe wa wote. Kabla ya hapo Louisiana na Oregon zilikubali kura 10 kwa mbili. Wasipokubaliana, kesi huvunjika na mwendesha mashtaka anaweza kuanza upya.

Kipimo ni hatia bila kuacha shaka ya maana. Hulazimiki kutoa ushahidi, na jaji huwaambia wajumbe wasikuhukumu kwa kunyamaza.

Kuna pia baraza kubwa, la watu 16 hadi 23 katika shirikisho. Hilo halihukumu. Husikiliza upande wa mashtaka faraghani na kuamua kama ushtakiwe. Majimbo mengi hayalitumii kwa kila kosa.

Adhabu inapangwaje?

Baada ya kutiwa hatiani, kwa kawaida si siku ile ile. Katika shirikisho afisa wa uangalizi huandika ripoti juu ya maisha yako: ulikokulia, kazi, madeni, afya, makosa ya zamani. Wengi huijibu kwa aibu na kuficha vita waliyoikimbia au kambi waliyokulia. Mweleze wakili, hayo jaji anaweza kuyapima.

Kisha kuna jedwali la shirikisho, lenye ngazi 43 za uzito wa kosa na makundi sita ya historia ya mtu. Pale mstari na safu vinapokutana, ndiyo miezi inayopendekezwa. Tangu kesi ya Booker, 2005, jedwali ni mwongozo tu. Kisichopunguzika kirahisi ni vifungo vya chini vilivyowekwa na Bunge: gramu 500 za kokeini ya unga, miaka mitano.

Majimbo kila moja na lake. California ilipitisha mwaka 1994 sheria ya makosa matatu, na Gary Ewing, aliyekuwa na hatia za nyuma, akapewa miaka 25 hadi maisha kwa kuiba fimbo tatu za gofu. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliiacha adhabu hiyo.

Adhabu ya kifo ipo katika baadhi ya majimbo na katika shirikisho, na baraza ndilo hushika uzito wake. Katika kesi ya kwanza ya milipuko ya balozi, mwaka 2001, wajumbe hawakukubaliana kuhusu kifo, na Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar, pamoja na wenzake watatu, wakapewa maisha bila kutoka. Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikuwa imesema ilikuwa kosa kumkabidhi Mohamed kwa Wamarekani bila ahadi kwamba hatauawa.

Miaka 20 ni 20 kweli?

Shirikisho, karibu. Paroli, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, ilifutwa kwa makosa yaliyotendwa kuanzia Novemba 1987, na mwenye nidhamu hupunguziwa hadi siku 54 kwa kila mwaka. Majimbo mengine yana paroli, mengine hayana.

Na rufaa?

Rufaa si kesi kurudiwa. Hakuna mashahidi, majaji wanasoma kumbukumbu wakitafuta makosa ya kisheria. Katika shirikisho mshtakiwa ana siku 14 tu za kutoa taarifa ya rufaa. Ukiwa ulikiri, yawezekana ulisaini kuiacha haki yako ya rufaa humo humo kwenye makubaliano, ukurasa wa tano au wa sita, pale wino ulipokuwa umekuchosha.

Baraza likisema huna hatia, imekwisha. Nyumbani mwendesha mashtaka mkuu, DPP, anaweza kukata rufaa dhidi ya kuachiwa kwako, huku mwendesha mashtaka hawezi.

Tukiongea Kiswahili kwenye simu ya jela, wataelewa nini?

Kila kitu. Simu za jela hurekodiwa, na onyo husikika mwanzoni mwa kila mazungumzo. Watu hupiga wakamwambia ndugu, "Ule mzigo utoe chini ya kitanda," wakijiona wajanja kwa kuwa mlinzi ni mzungu. Mwendesha mashtaka huagiza rekodi, huita mkalimani, humlipa kwa saa. Mara nyingine mkalimani huyo ni mimi, na Kisheng, Kingwana na mafumbo ya Kimvita vyote nimeshaviandika.